Maombi ya Chapati pale Ruharo

Mdogo wangu Furaha,

Huku Ruharo nilikokuja kwa matibabu, mvua imekatika, na harufu ya chapati inaingia mpaka chumbani. Muuzaji anakaangia mbele ya geti letu! Unajua daktari alisema nipunguze uzito ili magoti yangu yapate nafuu. Basi Mama Neema, mwenyeji wangu, alipoleta sahani ya chapati na mayai, niliogopa kumuudhi kwa kukataa. Nikamwambia: "Niko mu maombi ya kufunga."

Nilisahau kwamba huyu ni mama wa kwaya. Kufika jioni, sebule imejaa wamama wenzake, wote wamefunga pamoja nami! "Dada, tukuombee jambo gani?" Ningedanganyaje mbele ya Biblia? Nikasema: "Chapati."

Walicheka mpaka machozi. Kisha bibi mmoja akapiga magoti kabisa: "Baba, umuzibe dada yetu pua, na mimi pia." Kumbe hata yeye! Tukafungua kwa mboga ya lengalenga na bugali kidogo. Tangu hapo, kila jioni tunatembea wote hadi barabara kubwa, na tukipita kwa yule muuzaji tunaimba kwa nguvu. Anadhani tunamhubiria.

Magoti yameanza kunitii, mdogo wangu. Nikirudi nyumbani Nakivale, usitume pikipiki kunipokea. Nitakuja kwa miguu kutoka stendi, na ukisikia sauti yangu imepanda ghafla, ujue napita penye chapati.

Mungu akutunzie watoto, na afya yako pia.

Dada yako,
Espérance