Nafasi ya Mama wa Pili

Alistidia,

Nimekwenda Kamachumu, narudi jioni. Menya ndizi, maharage yako jikoni. Sufuria ya uji nimeiunguza, na kosa ni lako!

Asubuhi nimefungua kompyuta nione hiyo programu mpya ya ukoo uliyoiweka jana. Zile mbili za zamani, za disketi, zilikubali mama mmoja tu kwa kila mtoto. Miaka saba kwenye jina lako nilimwandika marehemu dada yangu Bernadina, aliyekuzaa. Ni haki yake. Leo nakuta chini yake umeniandika na mimi: "mama aliyenilea". Nimecheka na kulia mpaka uji ukaungua.

Lakini nimezaliwa 1954, siyo 1945! Nirudishie ujana wangu kabla sijarudi.

~~Mama mdogo~~
Mama