Maji ya Kahawa ya Biasha

Jumamosi, 13 Aprili 2024

Nimepata kazi. Bango kubwa, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi: HAPA KAHAWA NZURI. Mwenye kazi ni Roger, mtu wa Bujumbura, amejenga kafe upande wa juu wa barabara, marumaru mpaka chooni. Nikamuuliza kahawa yenyewe iko wapi. Akasema hiyo ndiyo bado. Wewe fundi unazunguka kote na ngazi yako, nitafutie mtu anayejua kuipika, nitampa kazi na chumba cha kulala.

Bango kwanza, kahawa baadaye. Mji huu nimeuandika karibu wote kwa mtindo huo. Nimeandika SALON MODERNE kwenye kibanda chenye mkasi mmoja.

Basi natafuta kahawa. Tangu nirudi kutoka Kigoma sijanywa ya maana. Kule ikifika alasiri unasikia vikombe vinagongana barabarani, mtu anapita na birika lake, unakaa, unakunywa chungu kabisa, jioni inakuja taratibu bila kukusumbua. Hapa mibuni imejaa milimani na kahawa yote inapanda lori. Sijui inaenda kumkuta nani.

Jumatatu, 15 Aprili

Nimeanzia kwenye parikingi, pale mabasi yanapopakia. Mgahawa una bango langu la mwaka juzi, ile bluu imeshapauka — nilinunua rangi rahisi. Nikaagiza kahawa. Ikaletwa termosi ya maji moto, kopo la unga na kijiko. Nikangoja mpishi. Mhudumu akasema mpishi ni wewe.

Halafu hoteli ya ufukweni. Wana mashine! Ya fedha, kubwa, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi. Merveille, dada wa kaunta, amesema aliyejua kuiwasha ameolewa Bujumbura. Nikauliza, zamani? Akasema ameshazaa wawili.

Nimekunywa soda. Milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, haikuwepo leo. Ukungu umeifuta, umebakiza maji na mbingu bila mpaka kati yake, na mtumbwi mmoja ambao hujui unaelea juu ya kipi. Nimekaa pale muda mrefu kuliko soda.

Alhamisi, 18 Aprili

Gatete, kwa rafiki yangu Venanti. Ana mibuni huko mlimani kwa baba yake. Nikasema huyu lazima anaijua. Akanishangaa sana. Kahawa anailima, anaichuma, anaiuza, lakini kuinywa? Ile ni ya watu wa mbali, Fundi, sisi itatutoa usingizi bure. Akanipa urwarwa. Ile pombe ya ndizi haijamtoa mtu usingizi tangu dunia iumbwe. Nimerudi nikiwa nimelalia bega la abiria nisiyemjua, naye hakunisukuma.

Jumapili, 21 Aprili

Nimeipata.

Baada ya misa nilipita pwani, nyuma ya wanapoanika ndagala, dagaa wa ziwa letu. Njia haipo tena. Ziwa limepanda, limeila, linaingia kati ya nyumba kama mgeni asiyebisha hodi. Miti imesimama majini. Nyumba za kwanza ni tupu, milango imeng'olewa ikachukuliwa. Ndipo ikanijia harufu. Si ya kopo. Ya buni inayokaangwa kwenye sufuria, pale inapoanza kulia kidogo kidogo.

Nikavua viatu nikaifuata.

Nyumba ya mwisho, kibaraza cha mabati, benchi moja. Mwanamke wa makamo anatwanga. Jina lake Biasha. Watu wanamwita Mama Waziri, kwa jina la mtoto wake aliye Uvira, ng'ambo ya ziwa. Nikasema amahoro, akasema amahoro, kaa, usiweke miguu kwenye makaa. Akanimiminia kikombe kidogo, tangawizi kwa mbali, hiliki kwa mbali zaidi.

Watu wanakunywa kahawa ili waamke. Mimi nilikunywa nikalala macho wazi. Maji yalikuwa yanapumua chini ya benchi, mwanga wake unacheza kwenye mabati juu ya kichwa changu, na ilikuwa kana kwamba nyumba nzima imefunguliwa kamba, inaondoka polepole na sisi ndani, wala hakuna aliyeuliza tunaenda wapi.

Nikamuuliza siri. Akasema si buni, si mkono. Maji. Anachota pale kwenye jiwe jeupe, alfajiri, ziwa likiwa halijaguswa. Mama yake alichota hapo. Maji ya robine, haya ya bomba, yanaua kahawa.

Jumanne, 23 Aprili

Roger amepiga simu. Nimemwambia bado natafuta.

Kwa nini nimesema hivyo? Kwa sababu naijua kafe yake. Nimeshaingia kupima ukuta. Mlinzi akanielekeza mlango wa nyuma, mafundi wanapita huku. Biasha akienda juu, kahawa itanywewa na wenye magari ya wikendi, na mimi nitaisoma kwenye bango langu mwenyewe.

Benchini leo alikuwepo Hamissi, muuza ndagala, mdomo kama redio. Akaniambia, "Fundi, unakunywa sawa mutu anasali."

Biasha akasema, "Muache. Wewe unakunywa sawa mutu anazima moto."

"Mama Waziri, huyu haji kwa kahawa. Mukristo muzima, kila siku mutaa wa Waislamu. Ameoa benchi!"

"Benchi halijalalamika," nikasema. Biasha akainama kupuliza makaa, kumbe anacheka.

Ijumaa, 26 Aprili

Maji yamefika kizingitini. Jirani wa mwisho amehama leo, ng'ambo ya barabara kwa shemeji yake. Watu wa afya wamepita na kipaza sauti: vyoo vimefurika, msichote ziwani, kipindupindu hakichezi. Biasha amesikiliza kwa heshima. Kisha amechemsha maji yake mara mbili badala ya moja.

Nikamwambia hamia basi kwa kaka yako, si amekupa chumba kule juu?

"Nikapike nini huko, Fundi? Kuko robine tu. Nitawapa watu dawa ya tumbo niseme ni kahawa? Jina langu liko kwenye haya maji."

Nilitazama jiwe jeupe. Lilikuwa linaonekana na kutoonekana, kama jino la mtoto.

Alhamisi, 2 Mei

Leo sijui niandike vipi.

Biasha ana homa. Amelala ndani, kitanda amekiinua kwa matofali. Akaniomba: Fundi, nipikie kahawa, na hao benchini wape. Unga nimeshautwanga na tangawizi yake, uko kwenye kopo. Maji uchote kwenye jiwe.

Nikatoka na ndoo. Jiwe limezama. Mahali pake palikuwa na tope, gunia bovu, na kitu kingine kinachoelea ambacho sikitaji. Sikuwa na nguvu ya kwenda ndani zaidi. Nikazunguka nyuma, nikapanda mpaka robine ya barabarani, nikajaza, nikarudi. Sikufikiri chochote. Uvivu tu na kinyaa.

Nikapika kama nilivyomwona akipika. Hamissi akanywa cha kwanza. Akakimaliza chote, halafu akasema hilo ndilo ziwa, robine haiwezi. Nikampelekea Biasha. Akakaa kitandani, akakishika kikombe kwa mikono miwili, akafumba macho. Nilisimama mlangoni kama mwizi anayengoja mbwa abweke.

"Unaona?" akasema. "Hata mukono wa mwanaume hauwezi kuyaharibu haya maji."

Nikanywa na mimi. Ni ileile. Ileile kabisa.

Kumbe ni yeye. Anavyokaanga, anavyotwanga, anavyopima tangawizi kwa jicho. Ziwa halihusiki. Angeweza kuipika juu ya mlima.

Nilifungua mdomo nimwambie. Jua lilikuwa linaingia kupitia majini, chumba kizima kinatikisika kwa mwanga, kitanda kama mtumbwi, na yeye ndani amejifunga kitenge cha kijani, anatabasamu na homa yake. Nikasema nitakuletea kingine.

Jumamosi, 4 Mei

Sijamwambia. Kesho.

Jumatatu, 6 Mei

Ukuta wa jikoni umeanguka alfajiri. Udongo umeyeyuka kama sukari. Yeye alikuwa uani, anatafuta jiwe lake kwa miguu. Angekuwa jikoni ningeandika mambo mengine hapa.

Homa imetoka. Amehamisha jiko kibarazani, juu ya meza, na anachota pale anapodhani jiwe liko, maji yakimfika kiunoni. Nimemwona. Mwanamke anatembea ndani ya ziwa asubuhi, ndoo kichwani, ukungu umemkata katikati, nusu yake tu inaelea kuja kwangu. Uzuri gani huo. Na ni mimi ninayemtuma kule, kwa kunyamaza kwangu.

Nikasema nitamwambia akishusha ndoo. Akashusha ndoo. Nikamuuliza habari za Waziri.

Jumatano, 8 Mei

Naandika nikiwa hapa hapa benchini, miguu majini. Sababu ya kuandika sasa hivi inafuata.

Nimefika saa ya alasiri, nikamkuta Roger mahali pangu. Suruali imekunjwa, viatu vya gharama vimening'inia shingoni, kikombe mkononi. Hamissi kamleta. Hamissi haelewi kwa nini namtazama vile.

Roger alimaliza kikombe kwanza. Kisha akamwambia Biasha yote kwa adabu, hata siwezi kumchukia vizuri: Mama, nimetafuta hii. Kuna chumba kikavu, kuna jiko, kuna mlango wa kufunga. Njoo leo, gari iko barabarani.

Biasha ametazama mahali palipokuwa na ukuta. Nimeona anataka. Mabega yalishuka. Yamekuwa juu tangu mvua zianze, sikuwa nimejua. Halafu akatikisa kichwa.

"Murakoze, asante, patron. Ningekuja. Lakini huko kwako ni robine. Utanilaumu siku ya kwanza."

"Nitakuletea maji ya ziwa kwa madumu."

"Maji ya dumu yamelala. Hapana."

Roger akanigeukia mimi. "Fundi, wewe umekunywa mji mzima, nilikutuma mwenyewe. Sema kweli. Robine inaharibu kahawa ama ni maneno?"

Hamissi akasema, "Muulize huyo. Huyo ndiye ulimi wetu."

Biasha naye akanitazama. Si kwa kuomba. Ananiamini tu, kama mtu anavyoamini kizingiti kilipo gizani.

Mdomo ulikuwa umejaa kahawa. Nikaishikilia mpaka ikapoa. Nikameza. Kisha nikatoa daftari, nikasema jambo hili linataka utaratibu, ngojeni kwanza niandike ladha ya kila mahali nilipokunywa, ndipo nijibu sawasawa. Roger ameheshimu sana. Amemfanyia Hamissi ishara anyamaze. Kwa hiyo naandika, na wao wanangoja, na hakuna hata mmoja anayejua ninachoandika.

Kafe ya Roger ina madirisha makubwa. Ziwa litaonekana lote kutoka kule. Benchi halitaonekana.

Wimbi dogo limepita chini yetu, limenyanyua mchi na kuuegemeza mlangoni. Biasha hajauchukua. Ameshika birika kwa mkono mmoja, kitenge kwa mwingine, maji yako magotini.

"Fundi, umemaliza?"

Nimemwambia bado kidogo.

Ameniongezea kahawa. Roger ameanza kuvaa viatu humo humo majini, macho yake yako barabarani kwenye gari.