Neno Moja kwenye Tangazo la Gati

9 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Magoti yanasemaje huko kwa kaka? Kaniambia umegoma kutumia fimbo, eti fimbo ni ya wazee. Haya, kijana. Sisi tu wazima, ila mkwe wako ana kikohozi kidogo na analalamika kama mtu anayejifungua.

Nina habari njema. Halmashauri imetupa kazi kiwandani: kuchapa kitabu cha historia ya mji, kila ukurasa safu mbili, lugha ya mlimani kushoto, lugha ya bandarini kulia. Fundi mkuu amenikabidhi mimi kukusanya habari. "Umezaliwa na mkalimani, ukaolewa bandarini," kasema, "nani mwingine?" Nimeshaandika habari za yule mkunga aliyekuwa akiwatukana wajawazito kwa lugha wasiyoijua, ili atoe hasira bila kumuudhi mtu. Nilicheka peke yangu mezani.

Sasa nimefika kwenye gati. Kinachojulikana na wote ni kwamba nguzo zilioza, halmashauri ikabandika tangazo kwa lugha zote mbili kuwa gati limefungwa kuanzia Jumamosi, na Jumamosi hiyohiyo watu wa bandarini wakajazana juu yake. Likavunjika, wakafa kumi na saba. Na baba wa mume wangu ndiye aliyewasomea majirani tangazo lile, akalisoma kombo, akafa nao. Miaka thelathini na moja imepita, na mtu akikosea kusoma hapa bado anaambiwa, "Wewe Msomaji nini?" Mume wangu amekua na jina hilo mgongoni.

Mwaka ule wewe ndiye uliyekuwa karani mkalimani wa halmashauri. Niandikie unachokumbuka. Nataka ukurasa huo niuandike kwa upole.

Mwanao, kitindamimba

20 Februari

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Magoti yapo, yananiamsha kabla ya jogoo. Mpe pole mgonjwa wako, mwambie wanaume wa kweli hukohoa kimya kimya.

Kazi hiyo ni heshima kubwa. Usimsahau kinyozi wa sokoni, aliyekuwa na vioo viwili, kimoja kimeandikwa kwa lugha ya mlimani na kingine ya bandarini, na wateja wakigombania kile kisicho chao. Andika pia habari za shule ya kwanza na mwalimu wake kiziwi.

Hayo ya gati, mwanangu, yaache. Wengi wamekufa na waliobaki wanataka kupumzika. Kitabu cha sherehe si mahali pa msiba.

Baba yako

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe na kaka hamjambo. Mimi mwili mzima.

Sikuacha. Katika stoo ya kiwanda kuna kabati ambalo fundi mkuu wa zamani alihifadhi nakala moja ya kila kilichochapwa, na ile karatasi iliyoandikwa kwa mkono aliyoileta mteja imebanwa nyuma kwa pini. Nimelipata tangazo la gati. Kwa lugha ya mlimani: Gati limefungwa kuanzia Jumamosi. Kwa lugha ya bandarini: Gati limefungwa mpaka Jumamosi.

Mpaka, Baba.

Nilisoma mara ya kwanza, nikadhani macho yangu yananidanganya. Nikasoma kwa sauti. Baba mkwe alisoma sawasawa! Alisoma neno kwa neno kama lilivyoandikwa, akawaambia majirani Jumamosi gati liko wazi, akatangulia mbele.

Si hilo tu. Chini yake kuna tangazo jingine, hilohilo, ila neno limesahihishwa. Limepigwa muhuri wa Jumapili. Watu walikufa Jumamosi.

Karatasi za mkono zote mbili ni mwandiko wako. Naujua. Ndio ulionifundisha kuandika jina langu.

Niambie si kweli. Niambie kuna jambo sijalielewa.

Mwanao

29 Machi

Baba,

Shikamoo. Karibu wiki nne sasa. Kaka anasema hujambo, unakula vizuri, barua uliipokea na kuisoma mwenyewe. Mimi kila siku nakula meza moja na mume wangu na mama yake, nao hawajui.

Mwanao

18 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, kama kula na kulala ndiko kutokuwa na jambo.

Ni kweli. Katika lugha ya bandarini, "kuanzia" na "mpaka" hutenganishwa na herufi moja. Lugha ile niliinyonya kwa mama yangu, siwezi kusema sikuijua. Sikuwa na haraka, sikuwa mgonjwa. Nimetafuta kisingizio miaka yote hii, sijakipata. Nilikosea tu, nikaipeleka karatasi kiwandani, nikaenda kula.

Jumamosi asubuhi nilisikia mlio kama lori linamwaga mawe. Nilikimbia na wengine. Nilisaidia kuwavuta watu majini nikiwa bado sijui. Mwanamke mmoja alikuwa anapiga kelele, "Si walisema mpaka leo! Mpaka leo!" Hapo ndipo nilipoelewa nilichoandika.

Jumapili katibu wa halmashauri aliniita ofisini. "Andika upya," akasema. "Ukifungua mdomo, bandarini na mlimani watachinjana." Nikaandika. Kabla ya adhuhuri matangazo yote yalikuwa yamebadilishwa.

Kuna na la pili. Tume ilipokuja kutoka nje, ukumbini tuliojua lugha zote mbili tulikuwa mimi na katibu tu. Bandarini waliojua kusoma walikuwa wachache, na waliolisoma tangazo kwa macho yao walikuwa wamekufa, isipokuwa fundi cherehani mmoja. Alisimama akasema, "Karatasi hii siyo iliyokuwa pale." Mimi nikawatafsiria wakubwa: "Anasema hakuitazama vizuri."

Lile la kwanza lilikuwa kosa la kalamu. Hili la pili nililisema kwa mdomo wangu, nikijua. Fundi yule alifariki akiitwa mwongo.

Ndani ya bahasha kuna barua kwa mama mkwe wako. Nimeiandika kwa lugha ya mlimani, kwa ile ya bandarini kalamu inakataa. Nakuomba umtafsirie.

Baba yako

2 Mei

Baba,

Shikamoo, na pole kwa magoti.

Mume wangu nimemwambia. Alitoka akasimama uani saa nzima, amegeukia ukuta. Aliporudi alisema, "Mama asisikie kwa mtu mwingine."

Barua yako nairudisha. Siitafsiri. Lugha yake unaijua, na mdomo unao. Njoo.

Mwanao

14 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimeanza hivyo kwa sababu bado wewe ni baba yangu, na kwa sababu ulikuja. Natumaini basi halikukuumiza miguu.

Huku mji umechafuka tangu habari ya kukiri kwako isambae. Siku tatu baada ya wewe kuondoka, wazee wa bandarini walikwenda halmashauri kwa miguu, kimya, wakasimama mlangoni mpaka ofisi ikafungwa. Mlimani wapo wanaosema umerukwa na akili, wapo walionizomea mimi. Ofisi imemwandikia fundi mkuu kwamba ukurasa wa gati utolewe, la sivyo kazi inahamishwa. Amewajibu kwamba herufi za risasi za ukurasa huo zimeshapangwa na yeye ana mgongo mbovu, hawezi kuzipangua. Matangazo yote mawili yatachapwa, na mihuri yake. Jina la fundi cherehani litakuwepo.

Nilipokuwa nimesimama mlangoni kwetu siku ile ulipokuja, nilimsikia mama mkwe akikuuliza swali moja tu: "Ulipokubali mwanao aolewe hapa, ulijua ni nyumba ya nani?" Ukajibu, "Nilijua." Akakuonyesha mlango. Jana aliniita jikoni akanipa maneno nikufikishie. Alinishika mkono nisimkatize. Kasema:

"Mwambie siku ya kumzika mume wangu niliinama kaburini nikamwambia, laiti usingejua kusoma. Nikaondoka na hasira zangu, sikukanyaga tena pale miaka thelathini na moja. Nimelea mtoto nikimwambia baba yako alituua kwa kujifanya anajua. Leo asubuhi nimekwenda. Nimepiga magoti, nimemwomba radhi mume wangu, mimi ambaye sikumwandikia mtu uongo. Mengine Mungu akipenda nitamsamehe. Hilo simsamehe. Mwambie vilevile, kwa lugha yoyote utakayo, lakini usipunguze neno."

Sijapunguza.

Mwanao