Kibuyu Nilichotoka Nacho kwa Mbodze

Msambweni,
Machi 1964

Kwa mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute u mzima, na yale magoti yawe yamekupa nafasi ya kusali bila taabu. Huku sote tu salama, na mavyaa yangu, Bi Mwanafatuma, anakusalimu sana. Anayekusomea ni ndugu yangu Seifu, nami nimemwomba asiruke hata mstari mmoja.

Mama, unajua nilipomaliza eda ya marehemu mume wangu nilisema sitaki kukaa kulishwa. Nikaanza kuoka boflo ndogo za mviringo. Za mwanzo zilikuwa mawe, hata kuku wa mavyaa walizipita, kwa kuwa hamira ya dukani ilikuwa imekaa mno ikafa. Jirani yetu Mbodze, mkewe Randu mgema, akaniambia kwao huumua unga kwa tembo la mnazi. Nikamjibu kwamba kwangu hilo haliwezekani, ni haramu. Hakukasirika. Akanitilia katika kibuyu kisafi maji ya madafu aliyoyaangua mumewe, nikayachanganya na unga kidogo, nikayaacha mpaka yakatoa povu.

Chachu hiyo ndiyo iliyoniokoa. Naukanda unga kwa chachu hiyo, tui zito na samli mpaka uache kunata mikononi, naufunika uumuke, kisha naufinyanga na kuupanga katika sufuria, moto chini na makaa juu. Boflo zikitoka, ukizibonyeza zinainuka zenyewe. Ramadhani yote watu walifuturu kwazo, na walimu wa shule wakaagiza za asubuhi.

Kisha ghafla wakaacha kununua. Sinia zikawa zinarudi jinsi zilivyotoka. Maalim Athmani wa madrasa akaniletea habari kwamba boflo zangu hazitaliwa tena kwenye maulidi, kwa kuwa nimeonekana nikitoka kwa mgema na kibuyu. Nililia, sikufichi, halafu nikakasirika, na hasira ikanifaa zaidi. Nikamwomba maalim aje pamoja na wanawake wa mtaani, waketi uani kwangu waone kila kitu, tangu dafu linapopasuliwa hadi boflo inapoiva. Walikuja, wakarudi na kesho yake. Maalim alinusa kibuyu, akaonja chachu, akakunja uso. Boflo zilipoiva alikula ya kwanza mbele ya watu wote, akaniomba radhi.

Seifu aliwasili siku hiyohiyo. Alisema umemtuma anirudishe Majoreni, maana jina langu limeharibika huku kwa habari za kibuyu, na Bwana Mselem bado yu tayari kunioa. Nikamwuliza habari hizo zilifikaje Majoreni upesi hivyo. Akasema yote.

Ni wewe, mama. Ulipokuja kunitazama ulikiona kile kibuyu, ukaniuliza, nikakueleza kwamba ni maji ya madafu. Ulijua. Hata hivyo ulimpelekea maalim maneno yale, ukitumaini nikikosa wanunuzi nitarudi nyumbani.

Nimeumia sana. Najua pia kwamba tangu baba afariki nyumba imekuwa kubwa, na Seifu hatulii nchi kavu. Lakini ungaliniambia tu kwamba upweke umekuzidi, ningalifunga safari siku ileile.

Basi neno langu ni hili. Bwana Mselem arudishiwe posa yake, kwa heshima. Mimi sirudi. Maneno uliyoyatoa ni juu yako kuyafuta, hapa Msambweni, mbele ya maalim na mbele ya Mbodze, ambaye alinipa maji tu akaitwa mpotoshaji. Ukishayafuta, sitakuuliza habari hiyo tena maisha yangu yote. Kitanda chako kimekwisha kutandikwa chumbani kwangu, na mavyaa ameniambia nikuandikie usiende kulala kwa mtu mwingine.

Nisalimie shangazi na majirani wote wa Majoreni. Mungu akupe afya na akupe njia nyepesi ya kuja. Huku tunaamka alfajiri kukanda, nawe utakanda pamoja nasi.

Mwanao akupendaye,
Waridi