Batu ba Maji mu Karatasi ya Mashini

Nchelenge, pembeni ya ziwa Mweru

Yaya Mado mupendwa,

Yambo sana. Ile kikohozi ilikuacha? Na mapasa yako, bale batoto babili, banatembea sasa, ao banaendelea kutambaa? Barua yako ilifika mu mikono ya mama mumoja wa kuuza samaki. Ilinuka samaki, lakini niliisoma mara tatu. Miye mwili iko muzuri. Roho ndiyo inauma, na nakuelezea weye dada yangu mukubwa, juu ndiye ulinilea.

Unajua kazi yangu ya hapa ni rangi: majina ku mitumbwi, mikate na sabuni ku milango ya maduka. Mu mwezi ya mvua muzungu mumoja alikuya kwangu, Bwana Hendrik, anafundisha hesabu ku masomo. Zamani alifundisha kwetu Kongo, ndiyo maana anasema Swahili yetu. Aliniambia iko anatengeneza muchezo na ndugu yake wa Ulaya. Si muchezo ya karata, Yaya. Ku université ya kule kuko mashini kubwa sawa kabati, na kioo sawa televizio. Mutu anakaa mbele, anabonyeza, anatembea mu inchi yenye haiko ku karte yoyote ya dunia. Mule munakaa makabila ya kuwaza tu: batu ba mulima wenye ngozi ya jiwe, batu ba pori wenye masikio murefu, batu ba maji wenye kupumua ndani ya ziwa. Ndugu yake alitaka picha ya kila kabila juu ya kitabu ya muchezo, na maelezo ya tabia yao, ili mashini ijue kubapanga.

Nilifurahi! Tangu nivuke ziwa, hakuna mutu aliniomba kuchora kitu chenye hakijakuwako.

Juu ya batu ba maji nilienda kwa jirani yangu Ba Mwila, muzee wa kushona nyavu, mwenye kusoma Biblia mu kanisa kila siku ya Mungu. Ndiye alinipa chumba wakati nilifika na nguo ya mwili tu. Alivaa shati yake nyeupe, akakaa mbele yangu siku tatu bila kutikisika. "Chora vizuri, mwana," alisema, "bajukuu bangu baone." Nilichora sura yake na ile kovu ya ku kidevu, kisha nikaongeza mapezi ku shingo. Alicheka mupaka machozi ikatoka.

Bwana Hendrik aliangalia picha, akaniuliza: "Hawa batu, tabia yao iko namna gani?" Tulikuwa tunakunywa chai. Nilitaka kumuchekesha, basi nikaanza kumwaga ile maneno sisi ba Kongo tunasema ku soko juu ya bavuvi ba hapa. Banadanganya mahali samaki iko. Bako na kichwa nguvu, masomo haiingie. Ukibageuzia mugongo, banaiba. Alicheka, akaandika. Niliona kalamu yake inatembea, na sikunyamaza.

Juma iliyopita ndugu yake alituma karatasi murefu ya ile mashini, yenye matobo pembeni. "Ona kazi yako, Deo," Bwana Hendrik akaniambia, akanipa ikuwe yangu. Ilikuwa Kiingereza. Nilikimbia nayo kwa Ba Mwila, juu binti yake Chanda anafanya kazi ku posta, Kiingereza anaijua. Nyumba nzima ilikusanyika.

Chanda akasoma, anageuza mu Swahili: "Batu ba mulima. Akili tisa, nguvu saba, baaminifu. Batu ba pori. Akili nane..."

"Na miye?" muzee akauliza.

Chanda akashusha karatasi.

"Soma," baba yake akamuambia.

"Batu ba maji. Nguvu tisa, akili mbili. Baongo, bezi. Habafundishike. Mutu wa kucheza hawezi kuchagua kuwa mumoja wao. Anaweza kubaua tu."

Ba Mwila aliniangalia. "Huyu muzungu hajaingia mu nyumba yangu hata siku moja. Nani alimuambia hii maneno?"

Yaya, ningeweza kudanganya. "Ni miye, muzee," nikasema. "Nilikuwa natania."

Alikunja karatasi vizuri, akanirudishia na mikono mbili, sawa mutu anamurudishia mugeni kofia yake. Akaingia ndani.

Nilienda mbio ku masomo, kwa Bwana Hendrik. "Futa ile, tafazali."

"Deo, hawa batu habako! Ni muchezo. Kila kabila lazima ikuwe na namba yake, bila hivyo mashini haitembee."

"Habako? Mumoja anakaa nyumba ya tatu na yangu!"

"Lakini weye ndiye ulinielezea," akasema, bila hata kukasirika. "Miye niliandika tu." Na picha ilishaenda na ndege.

Nilimuchukia njia yote ya kurudi. Kisha nikamuwaza Baba. Unakumbuka livret yake, ile kitabu kidogo ya kazi yenye bazungu ba mugodi balimuandikia kabila, na pembeni yake kazi yenye kabila ile inaweza? Alikufa na ile kasirani mu tumbo. Na miye mutoto wake nilishika chai mu mukono moja, nikafanya vilevile juu ya mutu mwenye alinipa pa kulala.

Siku ya tatu nilienda kupiga magoti. Ba Mwila alikuwa anashona wavu, hakuinua kichwa.

"Nilishakusamehe, mwana," akasema. "Lakini usinichore tena. Wala miye, wala batoto bangu."

Chanda akipita ananiamkia na Kiingereza, sawa mutu hanijui.

Uniamkie Mama mukubwa wa kuuza unga, na shemeji wa ku train, umuambie apunguze pombe. Mapasa ubabusu. Baba mudogo, yule wa kuimbisha korali, usimusomee hii barua.

Na ukinijibu, Yaya, usiniambie haikuwa kosa yangu.

Ni miye mudogo wako,
Deo