Filimbi ya Kufukuzia Ndege

Katoro, Geita
Jumamosi, baada ya kufua

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeiandika kwa herufi kubwa kama unavyoona, maana macho yako bado ni mazima, masikio ndiyo yamechoka. Magoti yanasemaje? Mama hajambo? Mvua imefika huko Kishapu, au bado mnayatazama mawingu yakienda kunyesha kwa wengine? Mimi mhola, mzima kabisa, nimekonda kidogo tu, usimwambie Mama.

Kabula hunipigia kila Jumapili, na kila Jumapili anakupa simu, nawe unasema "haloo, haloo" mpaka salio linakatika. Nimechoka kuongea na haloo yako, ndiyo maana nimenunua karatasi. Tena humu kuna jambo ambalo siwezi kumpa mdogo wangu akupigie kelele nalo sikioni. Nitalifikia, usiruke mistari.

Krismasi mbili zimepita sijafika nyumbani. Likizo ikija, kidato cha nne wanabaki shuleni kujiandaa na mtihani, na mwalimu wa fizikia ni mimi peke yangu. Mji huu haulali, Baba. Bodaboda, muziki wa madukani, na makarasha yanasaga mawe ya dhahabu kutwa nzima. Ninakula wali na samaki, ninashiba, lakini kuna njaa nyingine haitoki. Ninawatamani. Juzi nilimwona mama mmoja sokoni anauza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa kama vya kwetu, nikanunua, nikaitafuna nimesimama palepale, ikawa ngumu na haina utamu wa ile ya Mama. Nililia kidogo, nikasingizia vumbi.

Sasa habari ya shule. Tumeanzisha makumbusho ya ndege na safari za anga za juu. Usicheke. Ni kile chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Wanafunzi wamechora ukutani watu wa kwanza kuruka, wa kwanza kuzunguka dunia, wa kwanza kukanyaga mwezi. Tuna tairi dogo la ndege tulilolipata kwa wauza chuma chakavu, tuna roketi iliyochomelewa kwa bomba kuukuu la karasha, na vazi la mwanaanga ambalo fundi cherehani wetu ameshona kwa mifuko ya salfeti akalipaka rangi ya fedha. Mzazi mmoja, mchimbaji, alilizunguka lile vazi mara mbili, akauliza huyu mtu hewa anapata wapi. Nilipomweleza habari ya mitungi, akatikisa kichwa akasema kumbe wa mwezini na wa duarani, kule chini ya shimo la mgodi, shida yao ni moja. Kesho yake akatuletea kofia yake ya zamani ya mgodini tuiweke jirani na lile vazi, na ipo.

Ila vitu vyote hivyo vilikuwa vya watu wa mbali. Ndipo nikamwomba Kabula akuulize kama ile filimbi yako ya uwanja wa ndege bado ipo.

Ilifika kwa basi Jumatano, imefungwa kwenye kitenge cha Mama, imezungukwa na michembe. Wabeja sana, asanteni. Nilikaa nayo mkononi nikakuona kabisa, miaka ile tunakaa Ngokolo, pale Shinyanga mjini, unavyotoka na baiskeli asubuhi kwenda kuusafisha uwanja kabla ndege haijatua, ukipuliza filimbi huku unafukuza ng'ombe wa watu, mbuzi, na wale korongo waliopenda kusimama katikati ya njia kama wameitwa kikao.

Na ile karatasi uliyomwandikisha Kabula, nimeisoma mbele ya kidato cha tatu: "Hii ni filimbi ya kufukuzia ndege. Ndege zikiwa nyingi uwanjani, ndege haziwezi kutua. Nilikuwa nazifukuza ndege ili ndege zitue salama." Darasa lilianguka kwa kicheko. Msichana mmoja akauliza kwa adabu zote kama mzee huyu alikuwa anafukuza ndege za abiria. Nikachukua kalamu nyekundu ili nisahihishe. Nilitaka kuandika kwamba ndege wa mabawa wakiwa wengi, ndege za injini haziwezi kutua, kama sarufi inavyotaka. Kalamu ikanigomea, kwa sababu ya jambo ninalolifikia sasa.

Mstari wa mwisho wa karatasi ile sikuwasomea. Niliuficha kwa kidole.

Baba, nilipokuwa darasa la tano, ulikuwa unarudi jioni unamwambia Mama, "Leo ndege zilikuwa nyingi sana." Zilikuwa, ulisema. Mimi nikasikia injini. Nikaenda shuleni nikatangaza kwamba kwetu zinatua ndege nyingi na kwamba baba yangu ni rubani. Huo haukuwa uongo, niliamini. Kisha mwalimu wa Kiswahili akatufundisha kwamba zenye injini zinatua, na wenye uhai wanatua. Nikarudi nikakuuliza, ndege zako ni zipi. Ukacheka ukasema, "Zote zina mabawa, mwanangu." Kuanzia siku hiyo nilijua, na sikurekebisha neno. Hapo ndipo ulipoanza uongo wangu.

Halafu ukaja shuleni. Unaikumbuka ile siku, ulileta daftari nililolisahau, suruali imekunjwa, filimbi shingoni, viatu vimejaa tope la uwanjani. Wenzangu wakauliza ni nani yule. Nikasema, "Ni mtu wa kazi, katumwa na baba." Ulikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Ukanipa daftari, ukasema, "Soma vizuri," ukapanda baiskeli. Sikio lako moja lilikuwa limeshaanza kuziba kwa ngurumo za injini, na miaka yote hii nimekuwa ninamshukuru Mungu kwa sikio lile. Nimejiambia hukusikia. Lakini kila nilipohamia shule mpya nilikualika, na kila mara ukasema shuleni si mahali pako.

Sasa mstari niliouficha. Kabula anasema alikuuliza maana yake, ukamjibu kwamba mwalimu anaijua. Umeandika: "Nimeileta mimi mtu wa kazi, nimetumwa na baba yako."

Ulisikia, Baba.

Nilifunga mlango wa stoo nikalia mpaka kengele ya chakula. Nisamehe. Sina maneno mengine, na ningekuwa nayo nisingeyapamba.

Kesho yake nilirudi darasani nikawaeleza wanafunzi wangu kila kitu, uongo wangu pamoja na viatu vyako. Safari hii hakuna aliyecheka. Karatasi yako imebandikwa ukutani kama ulivyosema, neno kwa neno, bila nyekundu. Juu yake nimeandika jina lako kamili, na chini: "Baba wa Mwalimu Minza. Hakuna ndege iliyotua Shinyanga kabla yeye hajasema njia ni nyeupe."

Makumbusho yatafunguliwa Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Wageni wakubwa watakuja, lakini nimeomba utepe usikatwe, ipulizwe filimbi. Hakuna anayejua kuipuliza kama wewe. Mimi nimejaribu, ikatoa mate. Kabula atakuleta, nauli nimeshamtumia. Njoo na viatu vyovyote. Nataka nisimame getini, wanafunzi wote wakiwepo, wakiniuliza ni nani yule, niwajibu.

Msalimie Mama, mwambie kitenge chake sirudishi. Msalimie shangazi Nkwimba aliyenilea nikiugua surua, na babu mwenye ng'ombe, jirani yetu tangu Ngokolo, ambaye nadhani nusu ya ng'ombe uliowafukuza walikuwa wake. Kabula nitambana nikimwona, kwa kuandika asichokielewa bila kuuliza mara mbili.

Nakungoja getini,

Minza,
mtoto wa mfukuza ndege