Ngome ya Otto na Jiko la Mama

Mjimwema,
Songea.
15 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Otto,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Uingereza? Kifua kinasemaje na baridi hiyo? Sisi hatujambo. Mahindi tumeshavuna, na magoti ya mama yamepata nafuu.

Picha za ngome mnayoijenga upya nilizipata kwenye simu pamoja na maelezo yako, nikamsomea mama. Ningejua, ningenyamaza.

Jumapili iliyopita jumuiya yetu ilisali nyumbani kwa mama. Baada ya sala mama akaanza kusimulia: Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa karibu miaka elfu iliyopita, wakaiteka nchi, wakarundika kilima cha udongo na kujenga boma la miti juu yake, baadaye la mawe. Vikaja vita, mizinga ikaubomoa mnara, wanakijiji wakabeba mawe wakajengea mazizi.

"Na sasa mwanangu Otto anayarudisha mahali pake!" Watu wakapiga makofi.

Alikuwa amesimama mbele ya jiko jipya nililomjengea wiki ileile. Jirani yetu Mama Judica akauliza, "Na hili jiko zuri kajenga nani?"

"Aa, ni huyu tu Kajetani."

Huyu tu! Otto, nilikuonea wivu. Baba alitufundisha uashi sote wawili, na kushika timazi ya kupimia wima wa ukuta nilikuelekeza mimi. Nikasema mbele za watu, "Basi akapikie kwenye hiyo ngome!" Nikaondoka.

Nilikaa siku kadhaa bila kwenda kwake. Nilipokwenda, nilimkuta anasonga ugali. Hakugeuka.

"Moshi haunitesi tena," akasema. Kisha, "Wewe upo, Kajetani. Otto ninaye kwenye maneno tu."

Nilikaa nikala.

Nimemwelewa mama, ila sitakudanganya, wivu bado upo. Nikipanga tofali za kuchoma kazini kule Ruhuwiko, nakuwaza umeshika jiwe lililochongwa na fundi wa zamani hizo, natamani lingekuwa mkononi mwangu.

Ukija likizo usininunulie shati. Njoo na mwiko wako wa uashi. Mama anataka ukuta wa uani. Tuujenge pamoja, naye aweke kigoda chake pale atutazame sisi wawili.

Shemeji yako Paskalina anakusalimu sana, pia shangazi Ida wa Lizaboni. Mungu akushike kila upandapo juu ya kuta hizo.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata kwa wivu huu,

Kajetani